Kobe mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho: ni mgeni tu, au ni mvamizi? (Kabla beseni halijamwagwa ziwani)

Mwana Himbi (mleta uzi), Goma

Ndugu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote mlipo, jambo zenu. Naomba mnisomee hadi chini. Maneno ni mengi, lakini Jumamosi inakuja na nataka ifike nikiwa na la kusema.

Kwenye parsele (kiwanja) yetu hapa mtaa wa Himbi kuna familia inayohamia Kisangani. Mtoto wao wa darasa la tano ana kobe wa maji. Baba alimletea kutoka safarini miaka mitatu iliyopita, ndani ya kopo la plastiki, mdogo kama kifuniko cha soda. Sasa gamba lake linafunika kiganja changu chote. Anakaa kwenye beseni la bluu nyuma ya jiko, na katikati wamemwekea jiwe la lava la kupandia. Asubuhi jua likishavuka ukuta, anapanda jiweni, ananyoosha miguu ya nyuma, anatanua vidole, anatulia. Mgongo wake ni kijani kinachoelekea weusi, tumbo ni manjano lenye madoa, na nyuma ya kila jicho ana mstari mwekundu, kana kwamba mtu alimpaka rangi kwa ncha ya kidole.

Mama mtoto ameniambia: "Jumamosi tutamshusha ziwani, naye apate uhuru wake." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo naiheshimu. Nikamwambia, ngoja kwanza, mama. Akaniuliza kwa nini. Nikakosa jibu lililonyooka.

Nimekaa siku mbili nasoma. Jina lake la kitaalamu ni Trachemys scripta elegans. Kwao ni bonde la mto Mississippi, Marekani, na huko ni mwenyeji asiye na kesi na mtu. Ila huzalishwa kwa urahisi na akiwa mdogo anapendeza, basi akageuzwa bidhaa. Kati ya 1989 na 1997 Marekani iliuza nje kobe wa aina hii wapatao milioni 52. Kisha wale wadogo wakakua, wakafika sentimita 25 na zaidi, maji yakawa yananuka kila baada ya siku mbili, na mnyama mwenyewe anaweza kuishi miaka 20 au 30. Watu wakachoka wakawapeleka mtoni. Leo yupo kila bara isipokuwa Antaktika. Umoja wa uhifadhi wa kimataifa, IUCN, umemweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya kuliko wote duniani. Watambaazi kwenye orodha hiyo ni wawili tu: yeye, na nyoka wa kahawia wa mitini aliyemaliza ndege wengi wa msituni wa kisiwa cha Guam.

Wengi wakifika hapo wanafunga mjadala: mvamizi. Mimi bado sifungi. Nimesomea kilimo, na jambo la kwanza tulilofundishwa kuhusu magugu ni kwamba asili ya mmea haitoshi kuuhukumu. Mihogo ilitoka Amerika ya Kusini. Sombe tunayotwanga kila wiki ni majani ya mgeni. Mahindi, maharage, viazi vya Masisi, vyote vilivuka bahari. Ripoti kubwa ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa viumbe hai, ya mwaka 2023 ilihesabu viumbe wageni zaidi ya 37,000 ambao binadamu amewahamisha wakaota mizizi mahali papya, na kati yao zaidi ya 3,500 ndio walioandikwa kuwa wanaleta madhara. Yaani kama mmoja kati ya kumi. Wengine wapo tu.

Msimamo wangu wa leo ni huu. Mgeni ni habari ya alikotoka, mvamizi ni habari ya alichofanya. Kobe wa beseni hili hajafanya kitu. Lakini moyo wangu haumtaki ziwani. Je, nina haki ya kumnyima ziwa mnyama ambaye siwezi kumtaja kosa? Na nikimwita mvamizi ili mama huyu aogope, sitakuwa nimemdanganya?

Mama Kituku, Goma

Mwanangu, mimi nauza sambaza pale soko la Kituku mwaka wa kumi na nane. Nakujibu kwa ninachokijua.

Sambaza si wa Ziwa Kivu. Wabelgiji walimtoa Ziwa Tanganyika wakamleta hapa mwishoni mwa miaka ya 50. Bibi yangu wa Idjwi alikuwa akituambia kwamba utotoni mwake hakuna aliyejua hicho kisamaki. Leo, usiku usio na mwezi, simama pale ufukweni uangalie: mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wanaume wanapiga kasia wakiimba, ziwa lote kama mji mwingine. Alfajiri wanafika, tunapima kwa sahani, jua likichomoza samaki wametandazwa kwenye nyavu wanakauka. Nimesomesha watoto wanne kwa sambaza. Mmoja yuko chuo kikuu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja tukapona. Kwa hiyo ukiniambia kila mgeni wa ziwa ni mvamizi, sikubali. Mwacheni kobe wa watu.

Mdau wa Mwanza

Mama, shikamoo. Nakuheshimu, ila kwetu Ziwa Viktoria methali hiyo iligeuka. Sangara aliletwa miaka ya 50 na 60, akaleta viwanda, ndege za mizigo, pesa. Lakini furu, wale samaki wadogo tuliokula utotoni, walikuwa wa aina mamia, na nyingi sana hazijaonekana tena. Mgeni alikuja, mwenyeji mmoja akapona, mwingine akaliwa. Inategemea unamuuliza nani.

Mwalimu wa Nguba, Bukavu

Nafundisha biolojia, naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza ni la Mama Kituku. Hata sambaza hakuja bure. Kabla yake, maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea. Kulikuwa na viroboto vya maji, aina ya Daphnia, wakubwa kiasi, wanaokula mwani. Sambaza walipoongezeka, viroboto hao wakatoweka. Hakuna mvuvi aliyewalilia kwa sababu ni wadogo mno, ni kama nukta tu majini. Simwondolei sambaza heshima yake, nami namla. Nasema tu kwamba tukihesabu madhara, tuhesabu na ya wale wasio na soko.

La pili ni la kobe. Mleta uzi, nadhani unaogopa kupita kiasi. Kobe huyu hana dume na jike kwa damu kama sisi. Joto la shimo la mayai ndilo linaloamua. Mayai yakilala kwenye nyuzi 26 hivi hutoka madume watupu, yakifika 31 hutoka majike watupu. Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na sisi huku jioni tunavaa sweta. Ukimwachia mmoja, atakaa peke yake. Ukiwaachia kumi, watazaa madume watupu, kizazi kitaisha chenyewe. Mnyama asiyeweza kujenga ukoo hawezi kuvamia. Kwa hiyo kwa Kivu namwita mgeni, nalala.

Mwana Himbi (mleta uzi)

Mwalimu, aksanti sana, hili sikulijua na limenikalisha chini. Niruhusu nikujibu kutoka ufukweni.

Wewe unapima hewa. Kobe hatagi hewani, hutaga ardhini, mahali palipo wazi kwa jua. Njoo Goma saa nane mchana, vua viatu, tembea kwenye mchanga mweusi wa volkano. Utarukaruka. Mawe ya lava ya 2002 yaliyoshuka hadi ziwani hubaki na joto hata jua likishazama, watoto wanakwenda kuyalalia matumbo baada ya kuogelea. Mimi sina kipima joto cha kuzika mchangani, lakini sithubutu kusema kwamba shimo la mayai huko ndani lina baridi ya Bukavu.

Halafu Kivu halijafungwa. Ruzizi inatokea hapo hapo kwenu, inashuka mabwawa ya umeme, inapita uwanda, inaingia Tanganyika karibu na Uvira. Huko ni mita 770 hivi. Hakuna sweta Uvira. Na Tanganyika kuna kobe wetu wenyewe, wale wa matope. Ndio wanaonihusu, maana Kivu naweza kulibishania, Tanganyika siwezi.

Kijana wa Ruashi, Lubumbashi

Mjadala mtamu huu. Naomba niugeuze kidogo, maana tunaongea kana kwamba Afrika ndiyo inavamiwa kila siku.

Kenge, huyu huyu wa mtoni anayekimbia na kuku wa watu. Huko Florida, mji wa Cape Coral, yupo tangu karibu 1990, alitoroka au aliachiwa na wafugaji. Amepata mifereji mizuri na mayai ya kutosha, na wenyeji wanamhofia kwa ajili ya bundi wanaotaga kwenye mashimo ya ardhini. Chatu wetu wa Afrika naye amezaliana magharibi ya Miami. Mjusi wa ukutani, huyu mweupe anayekamata wadudu kwenye taa ya jikoni, amevuka Atlantiki, inaaminika kwa meli za biashara ya watumwa, na kisiwani Curacao amewasukuma mijusi wa asili hadi wakaacha kuta.

Kinachonigusa zaidi ni kinyonga wa pembe tatu wa Kenya. Mwaka 1972 alipelekwa Hawaii kwa muuza wanyama. Walifika wamekonda na kiu, yule bwana akawaonea huruma, akawaachia bustanini mwake wapate maji na nguvu. Hawakurudi kwenye boksi. Leo wako visiwa kadhaa na wanakula konokono wa miti ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mleta uzi, ulipoandika kuhusu huruma ya mama mtoto nilimkumbuka bwana huyo.

Swali langu: kenge ni yule yule, kucha zile zile, ulimi ule ule. Kwetu mtoni Kafue ni mwenyeji, Cape Coral ni mvamizi. Basi neno hili halimhusu mnyama. Linahusu mahali alipowekwa na aliyemweka. Ndiyo maana mimi sikubali mnyama aitwe mvamizi kama vile ni kabila lake.

Mfuasi wa Orodha

Orodha ya IUCN ipo. Umoja wa Ulaya ulimzuia asiingizwe mwaka 1997. Mnajadili nini tena? Mtieni kwenye gunia, mwisho wa habari.

Mwana Himbi (mleta uzi)

Ndugu, kumwua ni jambo la kufikiriwa na watu wazima wakiwa wametulia, wala silikatai moja kwa moja. Lakini orodha ilitungwa kwa kuangalia alichofanya kwingine. Nikimwua kwa orodha tu, nitakuwa nimehukumu bila kusoma faili. Halafu kuna mtoto anayempa dagaa kila asubuhi na kumwita kwa jina. Siwezi kuanza na gunia.

Nesi wa Katindo, Goma

Jamani, kabla ya ziwa kuna beseni. Kobe wa maji hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila yeye kuumwa. Marekani kwenyewe, nchi inayomzalisha, ilikataza mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Mleta uzi, umesema beseni liko nyuma ya jiko. Maji yake yanamwagwa wapi? Wanaoshea nini beseni hilo? Sisi huku Goma watu wanachota maji ziwani kwa bidoni za manjano, wanapakia kwenye chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, wanakwenda kuyanywa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila anapoguswa, na maji yale yasiende karibu na vyombo. Nimemaliza.

Mwana Himbi (mleta uzi)

Nesi, nimekwenda kuangalia. Maji yalikuwa yanamwagwa kwenye mfereji unaopita mlangoni kwa jirani. Tumechimba shimo leo jioni. Asante.

Binti Ibanda, Bukavu

Nimesoma kimya tangu jana, sasa naomba niseme lililonikaa rohoni.

Neno mvamizi kwetu si neno la kitabu. Sisi tumelala chini ya vitanda kwa sababu ya wavamizi. Na tumeona pia neno mgeni likitumiwa kwa watu waliozaliwa hapa, babu zao wamezikwa hapa, ili wafukuzwe. Kwa hiyo ninapowasikia mnasema "huyu si wa kwetu, aondolewe", mwili unanisisimka, hata kama ni kobe. Maneno yana mazoea. Mtu akizoea kuhukumu kwa asili kwenye wanyama, hatachelewa kwingine.

Sisemi kobe aachiwe. Naomba tu tuchague maneno kwa uangalifu.

Mwana Himbi (mleta uzi)

Dada, nimekusoma mara tatu. Umesema jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka, na nadhani ndilo lililonifanya nishindwe kumjibu mama mtoto pale jikoni. Naomba nijibu kwa kirefu, nikimaliza nitakaa kimya nisikilize.

Hofu yako si yako peke yako. Mwaka 2011 wanasayansi 19, Mark Davis akiwa wa kwanza wao, waliandika kwenye jarida la Nature wakiomba viumbe wapimwe kwa kazi yao mahali walipo, si kwa asili. Wenzao zaidi ya 100 wakajibu, Daniel Simberloff akiwa mbele, kwamba hakuna mtaalamu anayemchukia mgeni kwa ugeni wake, ila madhara ya wengi huchelewa kuonekana, na ukisubiri kuyaona umeshachelewa. Nimewasoma wote wawili. Davis ana haki kuhusu neno. Simberloff ana haki kuhusu saa.

Na kwa watambaazi, saa ndiyo kila kitu. Panya akiingia ghalani utajua wiki hiyo hiyo: utaona mavi, utasikia kelele, utakuta gunia limetobolewa. Mtambaazi hapigi kelele. Damu yake haina moto wa kulishwa kila siku, akila leo anaweza kukaa wiki nzima na zaidi. Anajificha vizuri kuliko unavyotafuta.

Angalieni Guam. Yule nyoka wa kahawia alifika na mizigo ya kijeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndege wakaanza kupungua upande mmoja wa kisiwa, kisha wa pili. Watu wakashuku dawa za wadudu, wakashuku magonjwa. Mwaka 1987 ndipo Julie Savidge alipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba ni nyoka. Karibu miaka 40! Kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 walikuwa wametoweka au wako njiani kutoweka. Baadaye wakafika hatua ya kudondosha kutoka angani panya waliokufa wenye kidonge cha paracetamol ndani, miligramu 80, maana dawa hiyo tunayomezea homa inamuua nyoka huyo. Ndege hawajarudi.

Angalieni Florida. Chatu wa Burma wa kwanza aliokotwa kwenye kinamasi cha Everglades mwaka 1979. Wakasema ametoroka kwa mtu. Mwaka 2000 ndipo ilipokubalika rasmi kwamba wanazaliana. Mwaka 2012 watafiti wakatoa hesabu ya wanyama wanaoonekana usiku barabarani: rakuni, mnyama aliyekuwa wa kawaida kama paka huko, amepungua kwa asilimia 99. Na chatu huyo huyo, kwao Asia ya Kusini-Mashariki, yuko hatarini kwa kuwindwa. Kijana wa Ruashi, hoja yako ya kenge imo humo pia.

Sasa jiulizeni: mwaka 1985, mtu wa Florida angeuliza kama mimi, "je, chatu huyu anastahili kuitwa mvamizi?", jibu la kweli lingekuwaje? Lingekuwa: hapana, hakuna ushahidi. Lingekuwa jibu la haki kwa chatu, na msitu ungeliwa.

Hapo ndipo nilipojikuta natenganisha vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevifunga pamoja. Kumwita ni kitu kimoja. Kumwachia ni kingine. Sihitaji kumthibitishia kosa ili nimkatalie ziwa. Daktari wa bandarini hakuiti wewe mgonjwa, anakuomba ukae siku kadhaa. Kobe huyu ni mgeni. Hapa Kivu hajawa mvamizi, na sitamwita hivyo mbele ya mtoto. Lakini ndugu zake wameonyesha tabia kwingine, na tabia hiyo naijua kwa undani.

Ufaransa waliwahi kuwaweka pamoja na kobe wa asili wa Ulaya kwenye mabwawa ya majaribio. Mgeni akakalia mahali pazuri pa kuota jua, basi. Mwenyeji akasukumwa kwenye sehemu mbovu. Wenyeji wakapungua uzito, wakafa zaidi kuliko wale walioachwa peke yao. Kilichogombewa ni mahali pa kuota jua. Kila asubuhi sasa nikimwangalia huyu wetu akipanda jiwe lake la lava, namwona na yule mwingine aliyenyang'anywa mahali pake.

Kobe wetu wa matope, mtu akimwogofya, hukunja shingo pembeni na kuificha chini ya ukingo wa gamba. Huyu huirudisha moja kwa moja ndani. Mkimkuta kobe mtoni Ruzizi au Uvira, angalieni shingo kwanza, kisha mstari mwekundu. Ukiwa mwekundu, msimrudishe majini, mpigie picha, mpelekeeni habari mtu wa ICCN, taasisi ya uhifadhi ya Kongo, au watafiti wa kituo cha Lwiro.

Mama Kituku, Goma

Nimekuelewa sasa. Hukuwa unasema habari ya mgeni kama sambaza. Sambaza walimleta wakiwa wamepanga, walijua wanataka nini, hata kama hawakujua vyote. Huyu hakuna aliyepanga. Sitaki kobe mkubwa apandie mitumbwi yetu.

Mwambie huyo mama aje Kituku, nitampa vichwa vya sambaza vya kumlishia bure mpaka siku ya safari.

Mwalimu wa Nguba, Bukavu

Nami nakubali kurudi nyuma hatua moja. Kivu bado naamini hatajenga ukoo kwa urahisi, lakini nilisahau kwamba mlango wa Kivu uko chini ya dirisha langu. Nauona Ruzizi ukitoka nikikaa barazani.

Muulize mtoto aangalie kucha za mbele. Dume akikomaa, kucha zake za mbele hurefuka sana, huzitetemesha mbele ya uso wa jike akimposa. Zikiwa fupi, ama ni jike, ama bado mdogo.

Mfuasi wa Orodha

Nilikuwa mkali. Lakini basi mtampeleka wapi? Kila mtu hapa amesema asiachiwe, hakuna aliyesema akae kwa nani miaka 30.

Binti Ibanda, Bukavu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Mwana Himbi (mleta uzi)

Ndugu zangu, ni Jumamosi usiku, narudi na habari.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mtoto. Sikutumia neno mvamizi. Nilimweleza habari ya Hawaii, yule bwana na vinyonga wake wenye kiu, kisha habari ya jiwe la jua. Akanisikiliza akiwa anafunga masufuria kwenye gazeti. Akauliza kama ziwa hili lote halimtoshi kobe mmoja. Nikamwambia ziwa linamtosha, tatizo ni wenzake watakaofuata, kwa sababu kila mwenye beseni Goma anafikiri wa kwake ni mmoja tu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi mchukue wewe."

Hilo sikulitegemea. Mke wangu naye hakulitegemea. Tuliongea, akakubali kwa masharti ya Nesi wa Katindo: mbali na jiko, sabuni mlangoni, maji shimoni.

Fundi wa kartie amenijengea hodhi kwenye kona ya parsele, kwa mawe ya lava na saruji, ukuta unafika gotini na ndani amelainisha kwa mwiko ili kobe asipate pa kushika. Juu tumeweka wavu wa zamani wa sambaza uliokuwa umetoboka, Mama Kituku aliutuma na chukudu pamoja na vichwa vya samaki kwenye mfuko. Saruji lazima ikauke na kuoshwa mara kadhaa, kwa hiyo yuko bado kwenye beseni la bluu, ila beseni limehamia kwangu.

Mtoto alikuja naye mwenyewe, amembeba kwa mikono miwili mbele ya kifua. Akaniuliza: "Amekosa nini?" Nikamjibu, hajakosa kitu. Akauliza tena: "Sasa kwa nini haendi ziwani?" Nikamwonyesha lile jiwe, nikamwambia ziwani pia kuna mawe, na kuna wengine wanaoyahitaji. Sijui kama alikubali. Alichukua rula yake ya shule akaiweka juu ya gamba, kichwani hadi mkiani: sentimita 11. Akaandika kwenye ukurasa wa daftari langu, akachora mistari ya miezi yote hadi Desemba, akasema nimpigie picha ya rula kila mwisho wa mwezi nimtumie kwa simu ya mama yake.

Mwalimu, kucha za mbele tumeziangalia pamoja. Bado ni fupi.